Ndani ya Ngurumo Hamna Koili

Fabiola mwanangu,

Naandika nikiwa karakana, saa kumi na moja jioni, mlango nimeurudisha nusu ili wateja wasijue kama nipo au nimetoka. Nyumbani nimeshindwa. Mama yako anapita na sufuria, shangazi zako wanapita na ushauri, na wewe mwenyewe unaingia kila baada ya dakika mbili kuuliza nani ameiona chaja yako. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Moshi kuanza chuo, na mimi nina maneno niliyoyakalia miaka minne.

Mambo ya kula vizuri, kufua mapema, kutoazimisha nguo na kuchagua marafiki, mama yako ameshayamaliza. Alianza Jumatatu na nadhani hata sasa anaendelea. Mimi sina la kuongeza hapo. Mtu ambaye soksi zake hutafutiwa na mkewe hawezi kumfundisha mtu kujitegemea.

La kwangu ni hili. Leo asubuhi nilikuona ukiifunga Ngurumo kwa kitenge na kuiweka chini kabisa ya begi, chini ya mashuka. Mama yako akakuuliza unaipeleka wapi hiyo. Ukamjibu kwamba unataka kuwaonyesha walimu wako wa fiziotherapia mashine ya sumaku iliyokuponya mguu, ambayo baba yako aliitengeneza kwa mikono yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, na sikuimaliza ile chai.

Na jana, jumuiya walipokuja kukuombea safari, uliisimulia tena ile habari. Unajua kusimulia, hilo sikatai, umelitoa kwa bibi yako wa Dongobesh. Ukasema ulivunjika ugoko ukiwa kidato cha pili, ukafungwa plasta, ukaleta ukaidi ukaikata plasta mwenyewe ili uvae viatu vya kipaimara, mguu ukavunjika tena, na hatimaye mashine ya Baba ikakuponya. Ukamalizia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," na nyumba nzima ikacheka. Mwenyekiti wa jumuiya akanyanyuka akanipa mkono wa pongezi, na mimi nikaupokea.

Mwanangu, katika habari hiyo mna mambo mawili yasiyo ya kweli. La kwanza hulijui. La pili unalijua vizuri kuliko mtu yeyote. Yote mawili yametoka kwangu, na sitaki uondoke kwangu ukiwa umeyabeba, moja kwenye begi na lingine kifuani.

Nianze na ajali, ingawa ulikuwepo. Ilikuwa masika, bodaboda ikateleza kwenye tope la barabara ya Nakwa, dereva akainuka na kiwiko kilichochubuka na wewe hukuinuka. Picha ilionyesha mfupa wa ugoko umekatika. Yule daktari wa mifupa, mtu mpole mwenye miwani inayoteremka puani kila anapoinama, alikunyoosha akakufunga plasta ngumu kutoka pajani mpaka vidoleni, ile ambayo watu huiita muhogo. Halafu akanitoa nje ya chumba, akaniambia jambo moja mara mbili. Asikanyage mpaka wiki sita ziishe na nione picha mpya, na hata akikwambia hasikii maumivu, asikanyage. Nikaitikia ndiyo daktari, nimeelewa daktari. Kuitikia hakujawahi kunishinda.

Kilichonishinda ni kukaa. Wewe unanijua. Mota ya mashine ya kusaga ikiungua, wananiletea hapa, naifungua, natoa waya ulioungua, nasuka mwingine, napaka vanishi, kesho yake inasaga mahindi. Hiyo ndiyo kazi iliyokulisha tangu unyonye. Sasa mtoto wangu mwenyewe alikuwa amelala sebuleni Nangara, mguu juu ya mito miwili, na mimi sikuwa na skrubu ya kufungua. Kila nikirudi jioni nakuta umelala vilevile. Nilikuwa naogopa, Fabiola. Nilikuwa naogopa utakuwa kilema, na kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyojifanya mchangamfu, mpaka mama yako akaniuliza kwa nini napiga mluzi kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Ndipo mteja mmoja aliyekuja kuchukua mota yake akanionyesha video kwenye simu. Daktari wa nchi za nje alikuwa amemvisha mgonjwa pete kubwa mguuni, anaeleza kwamba nguvu ya sumaku inayokuja na kukata, kuja na kukata, inaweza kuusaidia mfupa uliogoma kuunga. Yule mteja alishangaa sana. Mimi nilicheka. Nikamwambia, hiyo ni koili tu, bwana, mbona hapa zimejaa.

Nakuomba uelewe vizuri hapo, maana ndipo nilipoteleza, na sikuteleza kwa ujinga. Mtu asiyejua kabisa umeme angeiona ile pete akasema haya ni mambo ya madaktari. Mimi niliitambua. Nilijua ni waya wa shaba, nilijua umezungushwa vipi, nilijua hata unene wake kwa kukadiria. Nikadhani kwa kuwa nakijua kile kitu basi naijua na kazi yake. Koili nilikuwa naijua miaka ishirini. Mfupa sikuwahi kuuona mpaka ile picha ya hospitali.

Nilifanya kazi siku tatu na sikupokea mota ya mtu. Nikakata mdomo wa ndoo ya rangi ukawa pete ya kupita juu ya plasta yako, nikazungusha waya wa pampu iliyoungua, nikaufunika kwa kitenge cha mama yako ambacho mpaka leo anakiulizia. Kwenye sanduku la mbao nikaweka transfoma ya kupunguza umeme, taa nyekundu na feni ndogo ya kompyuta ya kupoza. Nilipoiwasha mara ya kwanza nikapitisha msumari katikati ya pete, msumari ukatetemeka mkononi mwangu, nikahisi nimekamata dawa. Wewe ndiye uliyeipa jina la Ngurumo kwa ule mngurumo wake.

Nakiri nilizipenda jioni zile. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda kando ya kochi, Ngurumo inanguruma, mguu wako unapata joto, unanisimulia mambo ya shule ambayo ulikuwa hujawahi kunisimulia. Majirani wakaanza kuja kuona. Nikawa nawaonyesha msumari unavyotetemeka. Mzee mmoja akasema hapa Babati tuna mtu, na nililala na neno hilo wiki nzima kama mtoto aliyepewa pipi.

Wiki ya tano askofu akaja kutoa kipaimara. Msimamizi wako alishakununulia viatu vyeupe. Wenzako wote wangepanda altareni kwa miguu yao, na wewe ulikuwa upandishwe kwa magongo. Kumbuka hukulia. Hukuniomba kitu. Ni mimi niliyetaka watu waone. Jumamosi nikakuleta hapa karakana kwa bajaji, nikakulaza kwenye hili benchi ninaloandikia sasa, nikachukua msumeno wa chuma. Nilikata plasta taratibu kuanzia juu, na karibu na kifundo ukanichomoka ukakukwaruza. Ukaniuliza kama daktari amesema tukate. Nilikujibu maneno ambayo nikiyakumbuka hata leo nikiwa kwenye pikipiki inabidi nisimame.

Nilikwambia, "Daktari hajui kama tuna Ngurumo."

Jumapili ulitembea. Ulishika mabenchi upande mmoja na bega la msimamizi upande wa pili, ukafika kwa askofu, ukapakwa mafuta, ukarudi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma nimepanua kifua. Mama yako siku hiyo hakuwepo, alikuwa Dongobesh anamuuguza bibi yako, na ninajua kabisa angekuwepo msumeno ule usingeshikwa. Ulipokaa nikaona jasho linakutiririka na midomo imekuwa myeupe. Jioni mguu ulikuwa umevimba na ugoko umepinda. Hata kipofu angejua.

Jumatatu tukarudi kwa daktari. Akauangalia mguu, akauliza plasta imetolewa na nani. Nikamjibu kabla hujafungua mdomo.

"Kaikata mwenyewe, daktari. Nilimkataza. Watoto wa siku hizi hawasikii."

Muuguzi aliyekuwepo akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikatikisa kichwa pamoja naye. Mkuu mwenyewe, mwanangu, aliyeshika msumeno. Wewe ulikuwa umelala pale una miaka kumi na mitano, mguu umevunjika mara mbili ndani ya wiki tano, ukanitazama. Hukuonyesha hasira. Ulinitazama tu, halafu ukageukia ukuta. Nikasema nakwenda dirisha la dawa, nikatoka.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kuliko barabara ya Kondoa, na safari nzima nimebebwa na wewe.

Ukapewa rufaa, ukafanyiwa upasuaji, wakakuwekea chuma na skrubu. Nje ya chumba cha upasuaji nilimwahidi Mungu kwamba ukitoka salama nitasema ukweli kwa daktari, kwa mama yako na kwa kila aliyekuwepo kanisani. Ukatoka salama. Daktari wa huko akasema imekwenda vizuri, mfupa umekaa mahali pake. Nafuu niliyoipata siku hiyo sina jinsi ya kukueleza, nilikaa sakafuni mbele za watu. Na katika nafuu ile ile, ahadi nikaisahau. Nadhani ndivyo tulivyo wengi, tukishavuka mto hatuulizi tena nani aliyekuwa na mtumbwi.

Kabla hatujafika nyumbani tulipitia kwa daktari wetu wa miwani, nikamuuliza habari za sumaku, nikijifanya namuulizia jamaa yangu. Hakunicheka. Alinieleza kwamba tiba hiyo ipo kweli, kuna hospitali zinaitumia hasa kwa mfupa uliochelewa kuunga, kwa mashine zilizopimwa nguvu yake na namna inavyokuja na kukata, na mgonjwa hupangiwa saa zake. Akasema hata hivyo wataalamu wenyewe bado wanabishana inasaidia kiasi gani, kwamba mmoja inamfaa na mwingine haimfai, na kwamba hakuna mahali ambapo inachukua nafasi ya plasta au kumpa mtu ruhusa ya kukanyaga. Halafu akanitazama juu ya miwani, akasema huyu binti sasa ana chuma mguuni, kwa hiyo jamaa yako asimsogezee kitu chochote cha umeme cha kutengeneza nyumbani. Nikasema nitamfikishia jamaa yangu.

Sasa nakuja kwenye lile usilolijua.

Uliporudi nyumbani ulitakiwa kufanya mazoezi kila siku. Mama yule wa fiziotherapia alikuonyesha namna ya kukunja goti, kukanyagia vidole, kuinua kisigino, na kila kitu kilikuwa kimekaza kama bawaba yenye kutu. Uliumia sana. Siku ya tatu ukakataa. Ukavuta shuka mpaka kichwani, mama yako akabembeleza, mimi nikabembeleza, msimamizi wako akaja na mandazi, bure. Mwishowe ukatoa kichwa ukasema, "Washeni Ngurumo kwanza, ndiyo nitafanya."

Nilichukua Ngurumo nikaileta hapa karakana. Nikaifumua pete, nikatoa koili yote, nikatoa na transfoma. Ndani ya pete nikajaza mpira wa baiskeli ili uzito usipungue, nikaishona tena. Kwenye sanduku nikaacha taa nyekundu na feni, na feni hiyo nikawa naiendesha kwa chaja ya simu ya zamani. Hicho ndicho ulichofunga kwenye begi, Fabiola. Ni feni, taa na mpira wa baiskeli. Hakuna sumaku hata ya kuokota sindano.

Nikakuvisha, nikawasha. Ukafumba macho, ukatulia, ukasema, "Baba, leo ina joto kuliko zamani." Mama yako, ambaye nilikuwa nimemwambia habari ya koili, akaondoka haraka kwenda jikoni akafunga mlango, na nilimsikia akicheka huko ndani. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ajali.

Halafu ukafanya mazoezi. Ukafanya siku hiyo na kesho yake, ukafanya miezi yote ile. Nilikuwa nakusikia unahesabu kwa sauti kubwa, ukifika thelathini sauti inaanza kulia, na unaendelea kuhesabu hivyo hivyo unalia. Kile kiti cha plastiki ulichokuwa unakishikilia kilipasuka mgongo. Mguu wako ulinyooshwa na madaktari na ukaungwa na Mungu kwa muda wake, na kutembea ukajirudishia mwenyewe. Mimi nilikuwa naendesha feni. Kila mara uliposema mbele za watu kwamba Baba ndiye aliyekuponya, nilikuwa nashukuriwa kwa kazi uliyoifanya wewe, na nilikuwa naitikia asante.

Watu walipoanza kuleta viungo vyao niwatibu, nilisema mashine imeharibika, waende hospitali. Angalau hilo nililifanya. Ila hata hapo sikusema kwa nini, nilipenda waendelee kudhani kwamba ingekuwa nzima ningewaponya.

Kwa nini naandika leo na si mwaka jana? Kwa sababu mwezi uliopita yule daktari alikuja hapa. Pampu ya shamba lake ilikuwa imeungua mota. Safari hii yeye ndiye aliyesimama pembeni akisubiri kuambiwa ugonjwa. Nikamwambia umepata nafasi ya kusoma fiziotherapia, akafurahi kama wewe ni wa kwake, akasema wapo wachache wanaochagua kazi hiyo wakiwa wamewahi kulala kitandani kama wagonjwa. Msumeno ulikuwa umening'inia ukutani nyuma ya kichwa chake. Sijui ilikuwaje. Nilikuwa nimeshika bisibisi, nikaiweka chini, nikamwambia, daktari, ile plasta niliikata mimi.

Hakushtuka. Alisema, "Najua, Baba Fabiola. Mkwaruzo wa msumeno niliuona. Ulipokwenda dirisha la dawa nilimuuliza binti mara tatu. Mara zote tatu alisema nilikata mwenyewe, baba hakuwepo."

Nilikaa juu ya mota yake. Miaka yote hiyo nilidhani ulinyamaza, na kimya hicho nilikuwa nimekizoea, mtoto hambishii baba yake mbele ya mtu mzima. Sikujua kwamba ulihojiwa mimi nikiwa sipo, ukiwa na nafasi ya kusema, ukanisitiri. Na baadaye ukaigeuza kuwa hadithi ya kuchekesha, ukajifanya wewe ndiye mkaidi, ukaisimulia shuleni na kanisani na jumuiyani, na nadhani uliisimulia sana ili mtu yeyote asije akaichimba. Sijui kama sasa umeshaiamini au bado unanilinda. Vyovyote ilivyo, nimechoka kulindwa na mtoto.

Nilimuuliza daktari kwa nini hakuniita akanisema. Akajibu kwamba siku ile aliona mguu ndio wa kwanza, na baba angekuja mwenyewe. Akaongeza kwamba hakutegemea baba angechukua muda mrefu hivi. Tukacheka wote wawili, mwanangu, nilicheka mpaka nikafuta macho kwa kitambaa cha grisi. Siku hiyo nikarudi nyumbani nikamwambia na mama yako lile la msumeno na lile la daktari, maana alilokuwa analijua ni la koili tu. Alipomaliza kuosha vyombo akaniambia, nenda kamwambie mtoto. Tangu siku hiyo nalala usingizi wa mtu aliyetua gunia, isipokuwa gunia la kwako bado sijalitua.

Unakwenda kusomea miili ya watu, na sina cha kukufundisha kuhusu hilo. Ila watu wa aina yangu nawajua. Utaletewa mtoto amefuatana na baba mwenye maneno mengi, ana jibu la kila swali kabla mtoto hajapumua. Usimwone ni mtu mbaya. Mara nyingi anaogopa kuliko mtoto, na ndani ya mfuko wake ana Ngurumo yake, iwe mafuta, iwe mzizi, iwe video ya kwenye simu. Mtoe nje kwa adabu, umuulize mtoto. Na mtoto akisema nilifanya mwenyewe, muulize tena kesho, maana ninamjua mmoja aliyeulizwa mara tatu na hakusema.

Na kama huko watawafundisha habari za sumaku na mifupa, jifunze kwa makini, uone inapimwaje na inamfaa nani. Usije ukaidharau kwa sababu baba yako aliichezea. Siku ukiielewa, uje unieleze na mimi, maana tangu nione ile video bado nina hamu ya kujua wale wenye pete yao wanaifanyaje. Nitakuwa mwanafunzi mtulivu, nakuahidi, na sitashika chombo chochote.

Nisamehe kwa msumeno. Nisamehe zaidi kwa maneno niliyosema pale kitandani kwako, kwa sababu msumeno niliushika kwa upumbavu, lakini yale maneno niliyasema nikiwa na akili zangu timamu. Hukuwa mkaidi. Ulimtii baba yako, na baba yako ndiye aliyekuvunja. Nimeandika hivyo na kalamu haijakatika, nami nimebaki mzima, na kifua ni chepesi kuliko nilivyokumbuka kinaweza kuwa.

Asubuhi nilipoanza kuwaza barua hii, nilipanga kuitumbukiza kwenye begi lako uikute Moshi. Mama yako akanisoma usoni, akasema, andika, lakini umpe mkononi. Ana haki. Ningeitia kwenye begi ningekuwa nimekuacha tena peke yako na jambo langu, na mimi nimekimbilia dirisha la dawa. Kwa hiyo nafunga karakana sasa hivi, naja nayo. Nitakaa kochini pale sebuleni mpaka umalize kusoma. Ukitaka kunikasirikia, nipo, na muda tunao mpaka asubuhi. Ukitaka kuiacha Ngurumo nyumbani, iache, au ichukue kama unavyoichukua picha ya mzazi wako aliyetoka vibaya kwenye kamera.

Kesho jumuiya watakuja stendi kukusindikiza, na mwenyekiti namjua, kabla basi halijaondoka atakuomba uwasimulie kwa mara ya mwisho ulivyovunjika guu mara ya pili. Mimi nitakuwa nimesimama kando yako. Usijibu, mwanangu. Nitajibu mimi.

Baba yako